Nani Anaitikia kwa Niaba ya Ruta?

Mirai, programu hasidi iliyoteka mamia ya maelfu ya kamera za ulinzi na ruta mwaka 2016, ilikuwa na tabia moja ambayo kila mwenye ruta angefaa kuijua. Ilipoingia tu ndani ya kifaa, kabla ya kuanza kazi iliyoipeleka, ilitafuta faili liitwalo /dev/watchdog; isipolipata ilijaribu /dev/misc/watchdog; kisha ikatoa amri ya kukizima kilichokuwa nyuma ya faili hilo. Si siri tena, kwa sababu maandishi ya programu yenyewe yalimwagwa hadharani mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo na yeyote anaweza kuisoma mistari hiyo. Mirai iliishi katika kumbukumbu ya muda tu. Kifaa kikizimwa na kuwashwa, inafutika yote. Programu za kuua virusi hazikuinyima usingizi, maana katika vifaa hivyo hazikuwepo. Ilichokiogopa ni kifaa kuwashwa upya. Na ndani ya vifaa vingi vya aina hiyo mna saketi ndogo ambayo haina kazi nyingine duniani ila kukiwasha upya kifaa kilichonyamaza. Walioandika Mirai waliifahamu saketi hiyo vizuri kuliko wengi wanaouza ruta, na karibu wote wanaozinunua.

Mafundi huiita wochidogi. Hapa nitaiita saa ya ulinzi. Ni kihesabio kilichomo ndani ya chipu kuu ya ruta, au mara nyingine chipu ndogo ya pembeni inayojitegemea. Hujazwa namba, nayo namba hupungua kwa kila mpigo. Programu inayoendesha ruta hutakiwa kuirudisha namba hiyo juu kabla haijafika sifuri, tendo ambalo nitaliita kuitikia. Ikiitikia kwa wakati, hakuna kinachotokea. Isipoitikia, ama kwa kuwa imeganda, ama imenasa katika mzunguko usio na mwisho, ama umeme umeyumba ukaivuruga kumbukumbu, kihesabio hufika sifuri na saa hukata: prosesa husahau yote, na ruta huanza upya kana kwamba imechomekwa sasa hivi. Saa haiombi ruhusa ya programu, na hapo ndipo nguvu yake ilipo, maana programu ndiyo mshukiwa. Muda wa kungoja hutegemea ukubwa wa kihesabio. Katika familia ya chipu za Atheros AR71xx, zilizotumika kwa miaka mingi katika ruta za bei nafuu, kihesabio ni cha biti 32. Kikisukumwa na saa ya megahezi 200, hata kikijazwa mpaka pomoni kitaisha baada ya sekunde 21 na kidogo. MT7621 ya MediaTek huhesabu milisekunde kwa biti 16, hivyo ukomo wake ni sekunde 65. Chipu ya pembeni kama MAX706 haina subira hiyo hata kidogo: sekunde 1.6, basi.

Wanaoipanga saa hii katika programu dhibiti ya ruta hupenda kubishana kuhusu hizo sekunde. Ziwe 15, 30 au 60? Swali lina nafasi yake, lakini ni dogo. Saa ya ulinzi haithibitishi uzima wa ruta; inathibitisha uzima wa yule anayeiitikia, na si zaidi ya hapo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza sekunde ngapi, uliza nani amepewa kazi ya kuitikia, anaitikia kwa niaba ya nani, na kama anajua lolote kuhusu hali ya hao anaowasemea. Ruta nyingi zina saa nzuri kabisa iliyokabidhiwa kwa msemaji asiyejua kitu.

Tuchukue mfano ulio wazi kwa kila mtu kuukagua: OpenWrt, mfumo huria ulioanza mwaka 2004 kutokana na programu ya ruta ya Linksys WRT54G. Humo, kiini cha Linux huifanya saa ionekane kama faili, lile lile /dev/watchdog. Kulifungua ni kuianzisha saa. Kuliandikia herufi yoyote ni kuitikia. Anayetaka kuisimamisha kwa heri hutanguliza herufi V kabla ya kulifunga, ili kiini kijue kwamba amefunga kwa makusudi wala hakufia kazini. Kuna na mpangilio uitwao nowayout; huo ukiwashwa, hata V haisaidii, kwa kuwa saa ikishaanza haizimwi na yeyote, na amri kama ile ya Mirai hugonga mwamba. (Ni mpangilio usiogharimu chochote, na sioni sababu ya ruta ya dukani kutoka kiwandani bila huo.) Anayeitikia katika OpenWrt ni procd, mchakato wa kwanza kuzaliwa mfumo unapoanza, mzazi wa mingine yote. Ingia kwenye ruta, andika ubus call system watchdog, nawe utajibiwa kwa mistari michache: saa inafanya kazi, muda ni sekunde 30, mwitikio ni kila baada ya sekunde 5. Amri hiyohiyo hukuruhusu kuzibadili namba hizo. Zenyewe ni za busara. Anayeitikia kila sekunde 5 ana nafasi kama sita za kuchelewa kabla saa haijakata, na ruta iliyoelemewa na kazi kwa kitambo haitauawa kwa sababu ilikuwa inatweta.

Lakini procd inapoitikia, inathibitisha nini hasa? Kwamba kiini cha Linux kinaendelea kugawa zamu, na kwamba procd yenyewe haijaganda. Kwa mwenye nyumba, ruta si vitu hivyo viwili. Kwake ruta ni dnsmasq, inayozigawia simu anwani na kuyageuza majina ya tovuti kuwa namba. Ni hostapd, inayoendesha Wi-Fi. Ni programu inayozungumza na modemu ya 4G. procd huzisimamia huduma hizi, ila kwa jicho moja: huona zikifa. Huduma iliyoandikishwa iwashwe tena ikifa, husubiriwa sekunde 5 kisha huwashwa. Ikifa upesi upesi mara tano na kupita, procd hukata tamaa na kuiacha ilale. Kama huduma hiyo ni dnsmasq, tangu dakika hiyo hakuna jina la tovuti litakalopatikana katika nyumba nzima. Taa za kijani zinawaka, alama ya Wi-Fi kwenye simu imejaa, na kila baada ya sekunde 5 procd inaitikia kwa uaminifu wote kwamba mambo ni shwari. Huduma iliyoganda bila kufa ni balaa zaidi, kwa sababu hiyo haionekani kabisa. Ni mwanafunzi anayeitikia jina la mwenzake aliyetoroka: daftari la mahudhurio limejaa, darasa nusu tupu.

Kwamba hali hii si ya kufikirika tu, Ujerumani ilishuhudia. Mwishoni mwa Novemba 2016 wateja wapatao 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom walipata shida ya intaneti, na wengine simu za nyumbani pia. Tawi jipya la Mirai lilikuwa likibisha hodi kwa wingi katika mlango wa mtandao ambao kampuni za simu huutumia kuzihudumia ruta kwa mbali. Ruta za wateja hao hazikutekwa. Zililemewa, huduma zikakwama. Kampuni ikawaomba watu wazichomoe ukutani, wasubiri kidogo, wazichomeke tena, ili zipokee programu mpya. Dawa ilikuwa ile programu mpya, kwani ruta iliyowashwa bila hiyo ingebishiwa hodi tena na kukwama tena. Hata hivyo, tazama ni nani alikuwa wa kwanza kujua kwamba ruta haifanyi kazi. Alikuwa mtu aliyekaa sebuleni. Katika kukwama kwa namna hiyo, saa inayoitikiwa na mchakato mkuu peke yake haina la kusema: prosesa inapiga, mfumo unatembea, kilichosimama ni ile kazi ambayo kifaa kilinunuliwa kwa ajili yake.

Walioiunda kompyuta ya Apollo pale MIT katika miaka ya 1960 walikuwa wameliona jambo hili. Saketi yao waliipa jina la Mlinzi wa Usiku, nayo haikungoja programu ije kuripoti kwamba ipo. Ilitazama kama programu imegusa mahali pamoja maalumu katika kumbukumbu ndani ya muda usiofika sekunde mbili, na mahali penyewe ni pale ambapo kila kazi ilipaswa kuchungulia kama kuna kazi nyingine ya haraka zaidi inayongoja zamu. Kuitikia hakukuwa kazi ya ziada iliyopachikwa pembeni. Kulizaliwa na kazi yenyewe. Programu isingeweza kuonekana nzima bila kwanza kufanya lile ambalo iliyo nzima hulifanya. Nauita huo ushahidi wa kazi, na ni kipimo ambacho ruta yenye kumbukumbu maelfu ya mara zaidi ya kompyuta ile mara nyingi haikifikii.

Nisije nikaionea OpenWrt: ipo mipangilio iliyo mibovu kuliko wake. Mbovu kupita yote ni ule wa kuitikia kutoka ndani ya katizo la saa, tukio ambalo prosesa hulihudumia mara mia na zaidi kwa sekunde bila kujali programu nyingine zina hali gani. Katizo laweza kuendelea kupiga wakati kila kitu kingine kimekufa. Anayeandika hivyo kwa kawaida alikuwa amechoshwa na saa iliyokuwa ikimkatia majaribio, akainyamazisha kwa siku moja, na siku hiyo ikawa maisha yote ya bidhaa. Kuna na hali nyingine iliyo ngumu zaidi kuigundua. Chipu ya sekunde 1.6 haiwezi kuingoja procd inayokuja kila baada ya sekunde 5, sembuse kuungoja mfumo mzima upakie. Hapo kiini cha Linux huitikia kwa niaba ya procd, tena kwa masharti: kikiona procd imepitisha muda wake, nacho huacha, na saa hukata. Huo ni uwakilishi halali kabisa. Tatizo liko kabla procd haijazaliwa. Ikiwa saa ilianza kukimbia tangu kwenye programu ya kuwashia, kiini huweza kuendelea kuiitikia mpaka atokee wa kulifungua lile faili. Je, asipotokea? Tuseme hifadhi yenye mfumo imeharibika na kiini kimekaa kikiingoja. Kitaitikia leo, kesho na mwakani, mpaka mtu apande mlingoti ilikofungwa ruta. Kigezo cha kukiwekea ukomo kipo, kinaitwa open_timeout, lakini kisipoguswa huwa sifuri, na sifuri hapo maana yake ni kungoja milele. Lazima awepo mtu wa kukumbuka kuandika, kwa mfano, 120.

Basi mpangilio ninaoutetea ni huu. Kuitikia kuwe mikononi mwa mkaguzi mmoja, programu ndogo isiyo na kazi nyingine, naye asiitikie mpaka kila huduma ya msingi iwe imemletea ushahidi mpya tangu zamu iliyopita. Ushahidi wenyewe si mgumu kuupata. dnsmasq iulizwe jina la ruta yenyewe na ijibu kwa anwani sahihi. hostapd ina njia yake ya ndani ya kuulizwa kama ipo, nayo hujibu kwa neno moja, PONG. Modemu ikipewa amri ya AT, ijibu OK. Huduma isipojibu, mkaguzi asikimbilie kuangusha nyumba: kwanza aiue na kuiwasha huduma hiyo peke yake, jambo la sekunde chache ambalo pengine hakuna atakayelitambua, ikishindikana, apakie upya kiendeshi cha redio au aikatie modemu umeme, ikishindikana tena, aamuru mfumo ujiwashe kwa utaratibu. Na amri hiyo nayo ikikwama, kama inavyokwama mara kwa mara pale mfumo wa mafaili unapokuwa mgonjwa, asifanye kitu kingine chochote. Anyamaze. Saa itakata.

Kuna wanaosema, na wana haki ya kusema, kwamba kadiri masharti yanavyoongezeka ndivyo ruta isiyo na kosa inavyozidi kuwa hatarini. Saa inayokata ovyo ni mbaya kuliko kutokuwa na saa. Mfano unaothibitisha hofu yao umo humohumo katika OpenWrt, nyongeza iitwayo watchcat, ambayo huitumia anwani fulani ping, mara nyingi 8.8.8.8 ya Google, na isipopata jibu kwa muda uliopangwa huiwasha ruta upya. Inapendwa sana na wenye modemu za 4G zenye tabia ya kulala, na kwa modemu hizo imesaidia wengi. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora vibaya Tanzania, Kenya na nchi kadhaa za jirani. Ruta ya Dodoma iliyoagizwa kuupima uzima wake kwa seva ya ng'ambo isiyofikika siku kama hiyo hujihukumu mgonjwa. Hujiwasha, hukuta hali ileile, hujiwasha tena. Waya umekatika maelfu ya kilomita kusini, na kinachoadhibiwa ni printa ya ofisi, seva ya shule na kamera ya getini, vitu vilivyokuwa vikifanya kazi bila kuhitaji ng'ambo. Jibu langu kwa wenye pingamizi si kupunguza ushahidi bali kuchagua ushahidi wa haki. Ruta ipimwe kwa yale yaliyo mikononi mwake tu, yale ambayo ikijiwasha yanaweza kupona. dnsmasq kuligeuza jina la ndani kumo mikononi mwake. Modemu kujibu AT kumo. Waya wa Seacom haumo. Anayeng'ang'ania ping ya nje na aipige kwenye kituo cha kwanza cha kampuni yake ya intaneti, wala adhabu yake isizidi kuiwasha upya modemu.

Pingamizi lililo zito zaidi hutoka kwa wahandisi wenye heshima zao: kuwasha upya si kutibu. Saa ya ulinzi, wanasema, humfanya msanidi awe mvivu. Kosa linabaki ndani, linafichwa na uwezo wa ruta kuamka kila inapoanguka. Ninakubaliana nao nusu. Chombo cha Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe, kila mara ikipoteza sehemu ya kazi ya siku hiyo. Kazi ndogo ya kukusanya data za hali ya hewa ilikuwa ikishika kufuli ya njia ya pamoja ya data. Kabla haijaiachia, kazi za daraja la kati ziliipora zamu. Na kazi kubwa iliyoihitaji kufuli hiyo ikabaki inangoja. Kulikuwa na kazi nyingine iliyopewa jukumu la kuhakikisha kwamba ile kubwa imemaliza kwa wakati. Ilipokuta haijamaliza, iliagiza kompyuta ianze upya. Kwa kipimo changu, ukaguzi huo ulikuwa wa aina bora: haukuuliza kama mfumo upo, uliuliza kama kazi imekwisha. Bila huo chombo kingeendelea na data nusu nusu, pengine bila mtu kujua kwa nini. Lakini kilichopona, kilipona kwa sababu ya kumbukumbu za matukio. Wahandisi waliokiunda, katika kituo cha JPL huko California, walikuwa na nakala ya chombo katika maabara, ikiwa na ufuatiliaji wa kila tukio; wakairudia hali ileile mpaka ikaanguka mbele yao, wakaisoma kumbukumbu, wakatuma marekebisho yaliyoifanya kazi ndogo irithi daraja la inayoingoja. Chombo hakikujiwasha tena kwa sababu ile.

Linganisha na ruta. OpenWrt huandika kumbukumbu za matukio katika RAM, si katika flashi, ili flashi isichakae. Ruta ikijiwasha, maandishi yote yanapotea, na anachobaki nacho fundi ni maneno ya mteja kwamba ilijizima usiku. Saa iliyopangwa hivi inastahili kila lawama ya wale wahandisi. Kumbe njia ipo na haihitaji hata senti ya vifaa. Saa ya ulinzi inapokata, huanzisha prosesa upya lakini umeme wa RAM kwa kawaida haukatiki, kwa hiyo yaliyoandikwa humo mara nyingi yangali yapo kwa anayejua mahali pa kutazama. Kiini cha Linux kinaweza kutengewa kipande kidogo cha RAM kisichoguswa wakati wa kuwaka, kikamwaga humo maneno yake ya mwisho, nayo yakasomwa baadaye katika /sys/fs/pstore. Baadhi ya saa hutoa na onyo kabla ya kukata, sekunde kadhaa za kukiwezesha kiini kuandika nani alikuwa ameshika nini. Na chipu nyingi huweza kuulizwa, mara tu baada ya kuwaka, kama kilichoziamsha ni umeme kurudi au ni saa kukata. Mkaguzi niliyemweleza ana nafasi bora kuliko hao wote, maana yeye, kabla ya kunyamaza, anajua ni huduma ipi haikuleta ushahidi. Akiandika jina hilo moja mahali pasipofutika, kazi ya kumtafuta mkosaji imepungua kutoka wiki hadi mchana mmoja.

Kuna wakati mmoja ambapo nakubali kuitikia kwa macho yaliyofumbwa, nao ni wakati wa kuweka programu dhibiti mpya. Kuifuta na kuiandika flashi huchukua muda mrefu kuliko saa nyingi za ulinzi zinavyoweza kungoja, na saa ikikata katikati, ruta inaweza isiamke tena. OpenWrt wakati huo huikabidhi saa kwa programu ndogo iliyo nje ya mfumo unaofutwa, nayo huitikia mpaka uandishi uishe. Ni sawa, hapa hasara ya kukata ni kubwa kuliko hasara ya kungoja. Kinachotakiwa ni kwamba programu mpya ikishindwa kuwaka baada ya hapo, saa isiigeuze ruta kuwa kifaa kinachoanza na kufa usiku kucha. Ruta kama Linksys WRT1900AC zina sehemu mbili za mfumo na kihesabio cha majaribio: zikishindwa kuwaka mara tatu, hurudi kwenye sehemu ya pili yenye programu ya zamani. Saa bila kihesabio cha namna hiyo ni nusu ya kazi.

Na vipi kuhusu dawa ya mtaani, plagi yenye saa inayokata umeme wa ruta kila siku alfajiri? Siidharau. Inafanya jambo ambalo ratiba ya kujiwasha iliyoandikwa ndani ya ruta haiwezi, kwani ratiba hiyo huendeshwa na mfumo uleule unaoshukiwa kuganda. Ila ni kipofu: ruta iliyoganda saa moja asubuhi hukaa imeganda mpaka kesho yake, na ile iliyokuwa nzima hukatwa vilevile, pengine ikiwa katikati ya kuandika flashi. Kuna na jambo ambalo watu wa nchi zetu hatulihesabu. Kukatika kwa umeme kumekuwa kukizifutia ruta zetu makosa bila sisi kuagiza. Uvujaji wa kumbukumbu unaohitaji wiki tatu kuiua ruta hauonekani pale umeme unapokatika kila wiki. BRCK, ruta iliyobuniwa Nairobi na kutangazwa mwaka 2013, ilibeba betri ya saa nane ili isizime umeme ukizima, na siku hizi maduka yamejaa betri ndogo za kuunganishwa na ruta za kawaida, mbali na ruta zinazowekwa milingotini kwa nishati ya jua. Ruta hizo hukaa hewani miezi. Makosa yaliyokuwa yakifutwa na TANESCO au Kenya Power sasa yanapata muda wa kukomaa, na fundi wa mtandao wa kijamii kama ule wa Kondoa au wa Kibera hana wafanyakazi wa kutuma kwenye kila mlingoti.

Anayetaka kujua ruta yake iko upande gani anaweza kupima kwa muda mfupi, mradi atumie ruta isiyotegemewa na mtu. Kwanza aweke kigezo cha kernel.panic kuwa 0. Katika OpenWrt huwa 3, yaani kiini kikianguka hujiwasha chenyewe baada ya sekunde tatu, na hilo lingetuficha tunachokitafuta. Kisha aandike herufi c katika /proc/sysrq-trigger, kiini kianguke kwa makusudi. Kama saa ipo na imepangwa, ruta itakata ndani ya nusu dakika na kuwaka upya. Jaribio hili ruta nyingi hulishinda. La pili ni kuitumia dnsmasq amri ya kill -STOP, ambayo huigandisha papo hapo bila kuiua. Chukua simu isiyo na kumbukumbu ya tovuti unayoifungua, jaribu. Kwenye ruta yenye mkaguzi wa kweli, dnsmasq itauawa na kuzaliwa upya kabla dakika haijaisha, na jina lake litakutwa katika kumbukumbu. Kwenye ruta ya kawaida, Wi-Fi itaonekana imejaa, tovuti haitafunguka, na ukiandika ubus call system watchdog dakika kumi baadaye, au saa kumi, utajibiwa kwamba saa inafanya kazi, muda sekunde 30, mwitikio kila sekunde 5.